Mnaoanza kukusanya picha za kale za Unguja, anzeni na majina

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii, skana iacheni ndani ya mkoba kwanza. Kinachopotea upesi ni majina ya waliomo pichani, na majina hayo yamo vichwani mwa wazee.

Ukipiga hodi na kukaribishwa, amkia, kaa, kunywa chai. Mwache mwenye albamu afungue mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, nawe urekodi: huyu nani, mtoto wa nani, harusi ilikuwa mtaa gani. Usibandue picha ili umalize haraka. Aliyezipanga alikuwa na sababu ya kumweka mjomba aliyehamia Maskati kando ya nyumba ya Malindi, na ukizitenganisha hakuna atakayeijua tena. Ikibidi kubandua, piga kwanza ukurasa mzima.

Kisha geuza. Nyuma ya picha au kwenye kadi iliyobandikiwa mara nyingi kuna jina la studio. Ukiona A. C. Gomes, uko kwa wapigapicha wa Kigoa waliofanya kazi Unguja tangu karne ya 19. Ukiona Capital Art Studio, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1930, mwaka ambao Ranchhod Oza alifungua studio hiyo Mji Mkongwe.

Pasipo na muhuri, soma majengo. Hapa ndipo kazi inaponoga. Tazama Forodhani: mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga kasri kwa mizinga. Mnara wa saa ukiwa umeungana na jumba lenyewe, ni ya 1897 au baadaye. Na mnara huo nao ulianguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo hata picha uliyopiga mwenyewe ukiwa mwanafunzi sasa ni kumbukumbu. Mpe mzee makadirio yako baada ya yeye kusema, si kabla, maana kwa heshima tu anaweza kukukubalia.

Kuhusu utunzaji: andika nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Usitie picha leminesheni wala selotepu. Negativu inayonuka siki imeanza kuoza, itenge na nyenzake. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma, basi kasha la picha likae mbali na ukuta.

Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Ni hazina, nami nawahimiza muipitie. Lakini kadi za posta za enzi hizo zimejaa watu walioandikwa "mwanamke wa Kiswahili" na basi. Mjukuu wake pengine anaishi Kikwajuni.

Ruhusa iombeni picha kwa picha. Mabibi wengi walipigwa bila buibui kwa macho ya jamaa tu. Bibi akisema hii isitoke, isitoke, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Kasha mliloazimwa lirudisheni siku mliyoahidi, pamoja na nakala zilizochapishwa kwenye karatasi, na majina nyuma kwa herufi kubwa, kwani wazee wengi hawana kompyuta.