Jibu: Je, redio ndiyo iliyowafanya majirani wamkwepe mtoto?

Dada, umeuliza kama kipindi kile cha redio ndicho kilichowafanya majirani zako wa Nkuhungu wawazuie watoto wao kucheza na mpwa wako mwenye usonji. Peke yake sidhani, ila kimechangia. Mtangazaji akisema "janga la usonji linasambaa", msikilizaji anawaza kipindupindu, anamvuta mwanawe ndani. Usonji hauambukizi, ni namna ubongo unavyokua tangu mapema.

Kubwa zaidi ni hofu ya chanjo. Mwaka 1998 jarida la tiba la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu watoto 12 tu, ikidokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Magazeti yakaikuza miaka na miaka. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida likaifuta makala, Wakefield naye akafutwa kwenye rejesta ya madaktari. Habari ya kufutwa haikuvuma kama ile ya kwanza. Hofu huuza gazeti, bwana.

Hata sifa zina madhara (hapa wengi watanibishia). Ukimwita kila mtoto wa hivi "kipaji cha ajabu", wa kwenu asipokokotoa hesabu kichwani ataonekana amepungukiwa mara mbili.

Kipindi kikirudi, piga simu uwaombe wamhoji mtu mzima mwenye usonji, si daktari peke yake. Majirani usiwahutubie. Anza na yule mama mmoja unayeelewana naye, mwanawe aje acheze kwenu.