Wimbi lilifia mpakani

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Desturi za kushangilia viwanjani zilianzia wapi, na nani apewe sifa?" Mnivumilie, jibu langu ni refu kidogo, maana naona mmefunga kwenye kanga moja watoto wawili wasio wa baba mmoja.

Mtoto wa kwanza ni wimbi, lile la watu kusimama, kuinua mikono na kukaa, zamu kwa zamu, mpaka uwanja mzima unaonekana kama bahari. Huyu ana cheti cha kuzaliwa. Tarehe 15 Oktoba 1981, mjini Oakland, California, timu ya besiboli ya hapo ilikuwa inacheza na New York Yankees. Jukwaani alikuwapo George Henderson, maarufu kama Krazy George, bwana ambaye kushangilia ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha, ngoma yake ndogo mkononi. Akapita kwenye majukwaa ya jirani akiwapanga watu: zamu yenu ikifika, simameni, inueni mikono, kaeni. Kisha akawapa agizo moja zaidi, na mimi naona akili yote ilikuwa hapo: likifia kwa wenzenu, wazomeeni. Likaanza, likafa, wakazomea. Likaanzishwa tena, likafika mbali kidogo. Baada ya majaribio machache likazunguka uwanja wote, na mechi ilikuwa inaonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima, kwa hiyo ushahidi upo.

Wapo wanaobisha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walipiga wimbi lao tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, katika mechi ya futiboli ya Kimarekani dhidi ya Stanford, wakiongozwa na Robb Weller, na wanadai wao ndio wenyewe. Lakini 15 hutangulia 31, hata ukihesabu kwa vidole. Sisi wa soka tulilijua kupitia Kombe la Dunia la 1986 kule Mexico, ndiyo maana Waingereza wameliita kwa jina la nchi hiyo mpaka leo. Mexico ilikuwa kituo cha basi tu.

Watafiti watatu, Farkas, Helbing na Vicsek, waliwahi kulipima na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 2002. Wimbi hukimbia viti kama 20 kwa sekunde, mara nyingi kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa, na kulianzisha kunahitaji watu dazeni chache tu. Nililisoma hilo nikacheka, kwa sababu sisi tulikuwa maelfu na lilitushinda.

Ilikuwa mechi ya watani, Yanga na Simba, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nilikuwa na tiketi ya mzunguko, nimekaa upande wetu wa kijani na njano, karibu kabisa na pale rangi zinapobadilika. Wimbi likaanzia nyuma ya goli, likaja. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akaweka karanga zake chini ya kiti ili ainue mikono yote miwili. Tukasimama, tukakaa, tukageuka kuwatazama majirani wenye nyekundu. Kimya. Wamekunja mikono kifuani. Kijana mmoja akafungua kinywa akapiga mwayo mrefu, wa makusudi, huku akitutazama. Tukazomea kama watu wa Oakland, haikusaidia kitu. Sekunde chache baadaye wakaibuka na lao: "Simba!" "Nguvu moja!" Nasi tukawajibu kwa "Daima mbele, nyuma mwiko!" mpaka koo zikakauka. Wiki kadhaa baadaye, Taifa Stars walipocheza uwanja uleule, wimbi lilipita pale pale mpakani bila kuulizwa pasipoti.

Hapo ndipo anapoingia mtoto wa pili, na huyu hana cheti. Kelele za pande mbili zinazokerana ni za zamani kuliko mpira wenyewe. Constantinople ilikuwa na mashabiki wa Bluu na wa Kijani katika mbio za magari ya farasi, kila kundi na majukwaa yake na viitikio vyake. Mwaka 532 makundi hayo mawili yaliungana dhidi ya Kaisari Justinian yakipiga ukelele wa mbioni, "Nika!", yaani shinda. Wanahistoria wa wakati huo wanasema watu wapatao 30,000 waliuawa uwanjani humo. Walipogombana wao kwa wao serikali ililala vizuri zaidi.

Lakini kwa nini twende mbali hivyo? Pwani yetu ilikuwa na beni. Jina lenyewe ni bendi. Tangu miaka ya 1890, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar es Salaam, watu walijigawa katika vyama vya ngoma vyenye tarumbeta, gwaride, sare na vyeo vya kifalme na vya kijenerali. Mombasa walikuwa na Kingi na Skochi. Huku kwetu ni Marini na Arinoti. Marini walikuwa wenye nafasi zao na makarani, Arinoti wengi wao wa hali ya chini. Ushindani ulikuwa nani kapendeza, nani kalisha watu wengi, na nani kamtungia mwenzake mafumbo yanayouma zaidi. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawachukua askari na wapagazi, nao wakaibeba beni mpaka bara.

Yanga ikaundwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikaja klabu iliyofahamika kwa miaka mingi kama Sunderland, na tangu 1971 ikaitwa Simba. Mji ulikuwa umeshazoea kugawanyika mara mbili na kutaniana kwa nyimbo. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni kwamba sasa katikati palikuwa na mpira. Leo ukisikia watu wa Msimbazi, yaani Simba, wanatuita Utopolo na sisi tunawaita Makolo, ni mafumbo ya beni yaliyovua sare. Krazy George asingeweza kutufundisha hilo, na sifa ya wimbi nampa yote bila kinyongo.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Bagamoyo, hakuwahi kuingia uwanjani hata siku moja. Mpira aliusikiliza redioni, sikio moja tu. Tukirukaruka kwa bao la Yanga, alikuwa akiinua uso kutoka kwenye bao lake la kete na kuuliza: "Na hao Marini leo wamevaaje?"