Usirushe picha ya mlevi kwenye grupu la mameneja

Ngoja, usibonyeze kitu. Unasema mameneja wa baa na gesti kutoka Bamburi hadi Mtwapa mmefungua grupu la WhatsApp la kurushiana sura na vitambulisho vya wateja wakorofi, na wa kwanza ni yule mlevi wa Jumamosi, chini ya picha umeandika "MWIZI, MSIMPOKEE".

Mwizi wa nini? Kavunja viti, hajaiba. Neno hilo moja linatosha wakili wake kukushtaki kwa kumchafulia jina. Halafu grupu lenyewe: watu arubaini, nusu washaacha kazi na bado wamo. Mmoja akipiga skrinshoti, kesho iko Facebook na aliyeianzisha ni wewe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu faini hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, iliyo ndogo. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Na huyo hakuwa amevunja hata glasi!

Huyo "mshauri wa usalama" wenu anayesema "grupu ni la ndani, haina shida", nami niliuziwa maneno hayo hayo. Barua ya wakili ilipofika, simu yake ikawa mteja hapatikani. Ushauri wa bei rahisi kuliko kiti cha plastiki, nikaulipia kama sofa.

Andika tendo, usiandike mtu. Hivi: "Jumamosi usiku, saa 6:40, mwanamume, shati jekundu la drafti, kavunja viti viwili, kamsukuma baunsa, OB ipo." Hakuna jina, hakuna kabila, hakuna "teja". OB, yaani namba ya ripoti polisi, uichukue kituoni kwanza, ndipo utume. Picha ya kamera wape polisi. Ikibidi itoke nje, iende kwa msimamizi mmoja wa usalama, si grupu, na sababu iandikwe. Weka daftari: kapewa nani, lini, itafutwa lini. Siku 30 zinatosha. Mhusika akiomba kuona mnachoweka juu yake, mna siku 7 kumjibu, na bila daftari mtaanza kuulizana.

Uliuliza pia kamera ngapi na malipo ya mabaunsa, sijui nini tena. Wengine watakujibu. Ile picha, kama ushairusha, ifute kwa wote leo hii. Zikipita siku mbili na kidogo WhatsApp haikubali tena.