Mkono umerudi, usingizi na kichwa je?

Mwakeye ndugu zangu. Juzi binti mmoja wa Kasulu kanitumia meseji ndefu, mzee wake alipata kiharusi kidogo, mkono umerudi, mguu umerudi, anafika hadi sokoni mwenyewe, lakini usiku halali na mchana anauliza kitu kimoja mara nne. Ndugu wanasema kuna mkono wa mtu na wameshaanza kuchangishana hela ya kwenda kwa mtaalamu, yani mganga. Nikasoma, nikaweka simu chini, yani ni mimi kabisa yule.

Wanaonijua pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, wanajua nilivyokuwa. Dagaa na mawese nafanya tangu kijana, na madeni yote nilikuwa naweka kichwani, nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa nusu, nani yuko Tabora nani yuko Dar, daftari sikuwa nalo na wenye daftari nilikuwa nawacheka. Alafu 2024 ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, hela ikakata, na kitu cha kwanza nilichobana matumizi ni vidonge vya presha. Si najiona niko fiti? Ziwa likafunguliwa ikawa mbio, silali nafukuzia mzigo, siku moja nimesimama kwenye mzani simu ikanidondoka mkono wa kushoto, nikaiokota ikadondoka tena. Kijana wangu ananiambia bosi mbona mdomo umeenda upande, nikamjibu upepo tu huo, nikarudi nyumbani Ujiji nikalala.

Nikalala! Mtu mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno yanateleza, hiyo sio ya kulalia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda wanaitoa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na hata pale ambapo dawa hiyo haipo kuwahi kunasaidia. Mi nimefika asubuhi ya pili yake, presha 190 kwa 110.

Ya wodini naruka, mnayajua. Nimetoka na aspirini, dawa ya mafuta kwenye damu na mbili za presha, nikaambiwa mzee una bahati, umepona. Hakuna aliyenigusia habari ya usingizi wala kumbukumbu, na hilo mpaka leo linanikera, maana nyumbani mkono ulivyorudi wote wakaona mambo yamekwisha, nikisahau wanadhani najifanya.

Saa nane za usiku niko kibarazani naangalia taa za wavuvi ziwani. Kipindi cha giza zimejaa kama mji, mbalamwezi ikiingia wavuvi wenyewe wanapumzika, mi hata mapumziko hayo sina. Mchana sasa nasinzia hata nikiongea na mteja. Nasali Ishaa nikifika katikati sijui hii rakaa ya tatu au ya nne, nakaa pale juu ya mswala machozi yananitoka, mtu mzima mimi. Nikaenda duka la dawa nikauziwa vidonge vya usingizi bila cheti, nikalala kama gogo siku tatu, ya nne asubuhi nalitafuta jina la kitinda mimba wangu silipati.

Na hapo kati ndo akaja shemeji yangu, simtaji, anajijua. Alikuwa na deni langu la milioni moja na laki nne. Kaja na maneno laini, kaka mbona nilishakulipa, tulikuwa pale chini ya mwembe, ukahesabu mwenyewe, umesahau? Mbele za watu. Na mimi kwa hali ile nikasema inawezekana. Inawezekana! Baadae kijana wangu ananiambia bosi siku anayoisema ulikuwa umelazwa. Ile hela sijaipata mpaka leo na tukikutana msibani ananipa mkono kama kawaida, haya.

Aliyeniokoa ni mama watoto. Alinirekodi usiku kwa simu akapeleka kliniki. Nakoroma, alafu kimya, kimya kweli, alafu nashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Daktari kasikiliza mara moja tu akasema unakata pumzi usingizini, iko sana kwa waliopata kiharusi, ubongo unakosa hewa usiku mzima, kumbukumbu itakaa wapi? Vile vidonge vya dukani akanigombeza sana, vinalegeza koo na pumzi inazidi kukata, tena vyenyewe vinaharibu kumbukumbu. Akakuta pia moja ya dawa zangu za presha ni ya kukojoza na nilikuwa naimeza usiku, ndo maana naamka mara nne kwenda chooni, akaihamishia asubuhi. Usihamishe mwenyewe lakini, uliza. Ipo na mashine ya kusukuma hewa unavaa usiku ila bei yake ngumu, kwa hiyo nikaanza na kulala ubavu. Mama watoto kashona mpira wa soksi mgongoni kwenye jezi yangu kuukuu, nikigeuka chali unanichoma narudi ubavu. Watoto wanacheka, wacheke. Kahawa ya barazani mwisho saa saba mchana, hiyo ndo iliniuma kuliko kupunguza chumvi.

Mwezi wa pili tangu nianze hayo nikaanza kulala mpaka alfajiri, na kichwa kikaanza kurudi kidogokidogo, sio chote.

Sa hivi nina kaunta buku. Hakuna mzigo unatoka bila kuandika na mtu kusaini, hata awe ndugu, hasa akiwa ndugu. Nyie wafanyabiashara wenzangu mnaojisifia kichwa, andikeni leo mkiwa wazima, na dawa za presha msizikatishe kwa kujiona fiti, presha haina maumivu, ndo ubaya wake. Andikeni jamani.

Binti yangu, hela ya mtaalamu irudishe kwa wenyewe. Leo usiku kaa karibu na mzee na simu, mrekodi anavyolala, kusanya dawa zake zote na saa anazomeza, peleka vyote kliniki. Waambie pia kama amekuwa mnyonge hana hamu ya kitu, maana huzuni baada ya kiharusi nayo inakula usingizi na kumbukumbu na ina dawa yake. Akiuliza mara ya nne mjibu kama ndo mara ya kwanza, mi wanangu walikuwa wananijibu "si tumeshakwambia baba" na hilo neno sijalisahau. Na kama kuna watu wanadaiwa na mzee, wafuate wiki hii hii wakuandikie.