Kabla ya Kununua Spika Mpya, Fungua Mipangilio ya Sauti

Msimu wa harusi ukianza hapa Mbeya, huwa naitwa kwenda kusikiliza spika "zilizokufa". Mwenyewe ameshaulizia bei ya nyingine Mwanjelwa. Nikichomeka simu yangu kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ileile, mara nyingi muziki unatoka safi kabisa. Tatizo linakuwa kwenye kompyuta, na hilo halihitaji hela.

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la sauti, lilelile kwenye Windows 10 na 11. Chagua spika unazotumia, ingia Properties, utafute palipoandikwa Enhancements. Kompyuta nyingine zimepaficha ndani ya Advanced. Zima vyote.

Vikorombwezo hivyo vimewekwa kwa sababu. Spika za ndani ya kompyuta ni ndogo mno, haziwezi kutoa besi, kwa hiyo watengenezaji wanaipandisha kwa nguvu ili walau isikike. Sasa ukitoa sauti hiyo na kuipeleka kwenye spika za inchi 15 zenye besi yake ya asili, besi inakuwa mara mbili. Sauti ya mwimbaji inazama, gitaa la solo linapotea, na ukumbi mzima unasikia mvumo tu. Hapo ndipo watu wanapohukumu spika.

Kinachoniuma zaidi ni ile inayoitwa Loudness Equalization. Inainua sauti ndogo na kukandamiza kubwa, zote zilingane. Ukisikiliza mahubiri usiku watoto wamelala, inasaidia. Lakini kwaya zetu huku Nyanda za Juu zinajengwa kwa kupanda na kushuka: soprano wanaanza taratibu, tenori na alto wanaingia, halafu besi wanakuja kwa kishindo. Ukiiacha imewashwa, kishindo hakiji. Mwalimu wa kwaya aliyehangaika miezi na watu wake hastahili kufanyiwa hivyo.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti. Sauti ya kidijitali ina dari. Nyimbo nyingi za sasa zimerekodiwa zikiwa zimekaribia kuigusa, kwa hiyo ukizipandisha tena kwa programu ndogo za kivinjari zinazoahidi asilimia 600, vilele vya mawimbi vinakatwa, na ule mkwaruzo unaousikia hauwezi kuondolewa tena na mikisa. Ziondoe. Mimi naweka programu ya muziki juu kabisa, Windows kati ya 80 na 90, kinachobaki nakipandisha kwenye mikisa. Kwenye Spotify, wanaolipia wanaweza kuchagua kiwango cha sauti. Achana na Loud, kwa kuwa inabana vilele ili nyimbo zote zipige kelele. Normal inatosha.

Halafu kuna ubora wa wimbo wenyewe unaokufikia. Spotify bila kulipia, ndani ya kivinjari, inatoa kilobiti 128 kwa sekunde. Aliyelipia na kuweka programu yake kwenye kompyuta anaweza kuchagua 320. Lakini ukiacha ubora ujichague wenyewe, mtandao ukizidiwa nao unashuka, na matoazi yanaanza kulia kama yako chini ya maji. Kilobiti 320 zinakula takriban megabaiti 144 kwa saa, jambo linalotisha ukiwa na kifurushi kidogo. Dawa ni kupakua orodha yako mapema, usiku wa kabla ya shughuli, kwa ubora wa juu. Ukiwa ukumbini Uyole au Tukuyu, hutakuwa unaomba mnara ukuhurumie.

Wanaotumia hedifoni za Bluetooth, angalieni hili: programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni hizo, kama mkutano wa mtandaoni, mara nyingi kompyuta inahamia kwenye njia ya simu. Muziki unakuwa mono, yaani pande zote mbili zinatoa kitu kilekile, tena mwembamba, kama wa redio ya mkulima. Chagua maiki ya kompyuta badala ya ile ya hedifoni, na muziki utarudi. Kwenye dirisha lile la mmsys.cpl kuna pia Communications. Weka Do nothing, la sivyo simu ya mtandaoni ikiingia kwenye kompyuta, Windows inaweza kushusha muziki kwa asilimia 80 katikati ya maharusi kuingia.

Watu wananiuliza sana kuhusu 44100 na 48000 hetsi, yaani mara ngapi kwa sekunde kompyuta inapima sauti. Chagua 44100 kwa kuwa ndicho kipimo cha muziki mwingi, lakini usikoseshwe usingizi. Sikio la binadamu linaishia karibu hetsi 20,000, na vyote viwili vinafika huko, kwa kuwa kipimo hubeba masafa hadi nusu yake.

La mwisho ni waya. Kama mikisa yako imebakiwa na tundu moja tu na unachomeka upande mmoja, ujue umetupa nusu ya muziki, na rekodi nyingi za zamani zina gitaa upande huu na sauti upande ule. Washa Mono audio kwenye mipangilio ya Windows kabla ya kuchomeka, pande zote mbili zitapita kwenye waya huo mmoja.