Sanduku la Barua: Lokdauni ilizuia nini, na iliumiza wapi?

Barua nyingi za toleo hili zinarudi kwenye lokdauni za korona za 2020 na 2021 hapa Uganda. Tumezifupisha. Majibu ni ya jopo letu la afya ya jamii.

Mhariri, salaam. Machi 2020 tulifungiwa biashara wakati wagonjwa ni wa kuhesabu kwa vidole, na mpaka Julai hakuna aliyekuwa amekufa. Hiyo si dalili kwamba tulifungwa bure? — Muuza nguo, Busia

Ndugu yetu wa Busia, la. Fanya hesabu hii. Kirusi cha mwanzo kikiachwa kitembee, mgonjwa mmoja aliambukiza wastani wa watu wawili hadi watatu, na kila mzunguko ulichukua kama siku tano. Tuchukue 2.5. Baada ya siku 30, yaani mizunguko sita, mgonjwa mmoja ameleta wagonjwa wapya wapatao 244 katika mzunguko wa sita peke yake. Punguza kukutana kwa watu mpaka kila mgonjwa aambukize 1.2, na mzunguko huohuo wa sita utakuwa na wagonjwa watatu. Kwa hiyo kufunga kunafaa zaidi wakati watu wanaona bado hakuna ugonjwa. Kinachofanywa wodi zikishajaa huwa kimechelewa.

Hata hivyo tusiipe lokdauni sifa zote. Zaidi ya nusu ya wananchi wa Uganda hawajafika miaka 18, na ugonjwa ule uliua zaidi wazee. Tena, Aprili na Mei 2020 wagonjwa wengi waliogunduliwa walikuwa madereva wa malori waliopimwa kwenye mipaka ya Malaba, Busia, Mutukula na Elegu. Kazi ile ya mpakani ilisaidia sana, ingawa mwanzoni ilikuwa na kasoro kubwa: dereva alichukuliwa sampuli, akaruhusiwa kuendelea, majibu yakatoka maabara ya Entebbe akiwa ameshalala katika miji miwili mitatu. Ilipoamriwa asubiri majibu mpakani, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya, madereva wakipika na kulala pamoja kando ya barabara. Majibu yakichelewa kupita siku moja, kumpima msafiri hakuna maana. Ama anasambaza mbele, ama anasambaza kwenye foleni.

Wako wanaotuandikia kwamba Tanzania haikufunga na haikudhurika. Tanzania iliacha kutangaza takwimu mwanzoni mwa Mei 2020. Huwezi kulinganisha daftari letu na daftari ambalo halikuandikwa.

Msimamo wetu ni huu: kufunga uwanja wa ndege wa Entebbe na kusimamisha taksi (mabasi madogo ya abiria) na mabasi wiki zile za kwanza kulistahili. Kuwazuia boda-boda kubeba abiria hadi 27 Julai, wakati taksi zilikuwa zimerudi barabarani tangu 4 Juni katika wilaya nyingi, hakukustahili. Abiria mmoja kwenye upepo yuko salama kuliko watu saba ndani ya taksi yenye vioo vilivyofungwa.

Chakula cha msaada kilitosha? Sisi tulikula kikaisha, nchi bado imefungwa. — Mama wa watoto wanne, Kampala

Mama, hakikutosha, na hesabu yake ilikuwa rahisi kufanywa mapema. Mgawo ulikuwa kilo 6 za unga wa posho (unga wa mahindi) na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu, pamoja na chumvi. Mtu mzima anahitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku. Gramu 400 za unga zinampa kama 1,440, na gramu 200 za maharagwe zinajazia zilizobaki. Gawanya: unga siku 15, maharagwe siku 15. Usafiri wa umma ulisimamishwa 25 Machi, ukarudi Juni. Hizo ni siku kama 70. Tena mgawo haukuwa na mafuta ya kupikia wala makaa, na maharagwe makavu hula makaa mengi. Ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake, moto unapungua sana, lakini familia nyingi zilikuwa hazina hata makaa ya kuchemshia mara moja.

Mpango wa kwanza ulilenga watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso. Kibarua wa Mbale au Arua aliyeishi kwa pesa ya siku hakuwamo. Mwaka 2021 serikali ilibadili, ikatuma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu wa kazi za mitaani. Njia hiyo ni bora kuliko lori la posho, kwa sharti moja: orodha. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anayeandika majina siku amri inapotoka atasahau wapangaji na ataandika jamaa zake. Orodha iandaliwe wakati wa amani, ibandikwe hadharani, na asiye na simu aandikiwe ya mtu anayemwamini.

Siku 42 za lokdauni ya 2021 zilisaidia chochote? — Mwalimu, Tororo

Zilisaidia, lakini kwa kuchelewa. Kirusi cha Delta, aina mpya ya korona, kilikuwa kimeshaenea amri ya 18 Juni ilipotoka. Aliyeambukizwa huzidiwa baada ya siku kumi hivi, kwa hiyo waliojaza wodi mwisho wa Juni waliambukizwa kabla ya kufungwa. Anayeipima lokdauni kwa vifo vya wiki ya kwanza anapima yaliyotangulia.

Kinachotuuma ni oksijeni. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika anatumia lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Unaisha kwa saa 11 na dakika 20. Wagonjwa 20 wa namna hiyo wanamaliza mitungi zaidi ya 40 kila siku, na kila mtungi unahitaji kipimia-mtiririko chake, funguo, na gari la kuurudisha kujazwa. Mashine za kutengeneza oksijeni kando ya kitanda hutoa lita 5 hadi 10 kwa dakika, lakini umeme ukikatika zinazima papo hapo. Kabla ya janga nchi nzima ilikuwa na vitanda 55 tu vinavyofanya kazi vya wagonjwa mahututi. Chanjo za kwanza, dozi 864,000, zilifika Machi 2021. Kati ya lokdauni mbili kulikuwa na mwaka mzima wa kuweka mabomba ya oksijeni hospitali za mikoa na kufundisha mafundi. Lokdauni haiponyi mtu, inaahirisha. Siku zilizoahirishwa zisipofanyiwa kazi, watu wamelala njaa kwa hasara.

Na shule? — Mzazi, Soroti

Hapa hatuoni utetezi. Zilifungwa 20 Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote 10 Januari 2022: wiki 83 kwa hesabu ya UNESCO, isiyojumlisha likizo, zikigusa wanafunzi kama milioni 15. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba 2020, na hilo lilionyesha kwamba kupokezana kunawezekana: nusu asubuhi, nusu mchana, madirisha wazi, masomo mengine chini ya mwembe. Lingeendelezwa kwa wadogo, ambao redio haikuwafundisha kusoma.

Ebola ikirudi tutafungiwa tena? — Kijana, Mubende

Mubende na Kassanda zilifungwa 15 Oktoba 2022. Mlipuko ule ulikuwa na wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 wakafa. Lakini mwaka 2025 Ebola ilionekana Kampala, na jiji halikufungwa. Mwenye Ebola haambukizi kabla ya dalili, tofauti na korona. Basi ukimjua kila aliyemgusa mgonjwa, ukampima joto asubuhi na jioni kwa siku 21, mlango wa jiji unaweza kubaki wazi. Mpango huo huvunjika anayefuatiliwa anapotoroka, na hutoroka kwa sababu ya njaa au shamba. Apelekewe chakula cha siku 21 kwa nyumba nzima siku ileile anayoandikwa, pamoja na mtu wa kumlishia mifugo.