Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Magnesiamu Hukusanyika Kwenye Mipaka ya Punje za Alumini?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo, Dar es Salaam. Tumefundishwa kwamba katika aloi ya alumini atomu za magnesiamu hutawanyika sawasawa. Nimesoma kwingine kwamba punje za metali zikiwa ndogo mno, atomu hizo huhamia mipakani mwa punje. Kwa nini zihame, na je, kuhama huko kunaimarisha aloi au kunaidhoofisha?

JIBU: Ulichofundishwa ni kweli kwa aloi iliyopashwa joto jingi kisha ikapozwa ghafla, lakini hakitoshi kueleza metali yenye punje ndogo. Kila punje ni fuwele ambayo atomu zake zimejipanga kwa safu, na pale punje mbili zinapokutana safu hizo hazilingani, kwa hiyo mpakani hubaki nafasi zilizobana na nyingine zilizolegea. Nusu kipenyo cha atomu ya magnesiamu ni pikomita 160 hivi, ilhali cha alumini ni 143. Atomu hiyo kubwa ikiwa katikati ya punje huwasukuma majirani zake na kuongeza nishati ya fuwele, lakini ikipata nafasi iliyolegea mpakani, mkazo huo hupungua. Shaba, ambayo atomu yake ni ndogo kuliko ya alumini, nayo hukusanyika huko, kwa kuwa mpaka una nafasi za kila namna.

Sasa tazama ukubwa wa punje. Tukichukulia kwamba punje ni vijisanduku vyenye upande wa maikromita 50, sentimita moja ya ujazo ya metali ina mipaka yenye eneo la sentimita za mraba 600, yaani karibu sawa na karatasi ya A4. Upande ukipungua hadi nanomita 100, eneo hilo hufika mita za mraba 30, na takriban atomu 3 katika kila 100 huwa ziko mpakani. Kwa sababu hiyo mipaka ya aloi yenye punje ndogo inaweza kunyonya magnesiamu hadi kiasi kilichobaki ndani ya punje kikapungua waziwazi, ingawa uchambuzi wa kemia wa kipande kizima utaonyesha asilimia ileile.

Punje ndogo kiasi hicho hupatikana, kwa mfano, kwa kukandamiza kisahani cha metali kwa shinikizo la gigapaskali kadhaa huku kikisokotwa. Msokoto huo huzalisha nafasi nyingi tupu ndani ya fuwele, na nafasi hizo huzisaidia atomu za magnesiamu kusafiri hata katika joto la kawaida la chumba, ambalo kwa desturi lisingetosha. Ushahidi hutoka kwenye chombo kinachong'oa atomu mojamoja kutoka kwenye ncha ya sindano nyembamba ya aloi, kikipima muda wa safari ya kila atomu ili kuitambua, na hatimaye kuchora ramani ya mahali kila moja ilipokuwa.

Kuhusu nguvu, uhusiano uliotolewa na watafiti wa metali Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 unaeleza kwamba punje zikipungua ukubwa, metali huwa ngumu zaidi. Mwaka 2010 watafiti waliripoti kwamba aloi ya 7075 (alumini yenye zinki, magnesiamu na shaba) iliyosokotwa kwa njia hii ilifikia nguvu ya kama gigapaskali 1, takriban maradufu ya 7075 ya kawaida, na ramani za atomu zilionyesha mkusanyiko mipakani. Atomu hizo pia huzuia mipaka isihame, hivyo punje hazikui upesi zinapopashwa joto. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa zaidi, kwa sababu punje ndogo zisizodumu hazimsaidii mhandisi yeyote.

Hasara huanza pale atomu zilizokusanyika zinapoacha kuwa atomu mojamoja na kuunda kiwanja cha kemia. Hapo mpaka hugeuka njia ya kutu na nyufa, jambo ambalo msomaji anayefuata ameligusa.

SWALI: Ninatengeneza boti Mombasa. Nimeambiwa kwamba bati la alumini la 5083 lisikae karibu na joto la injini. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli. 5083 ina magnesiamu ya asilimia 4.0 hadi 4.9, na aloi yoyote ya kundi lake, yaani aloi za alumini na magnesiamu ambazo namba zake huanza na 5, inayozidi asilimia 3 ya magnesiamu haifai kukaa muda mrefu kwenye joto linalopita takriban nyuzi 65 za Selsiasi. Ikikaa hapo, magnesiamu hujikusanya mipakani na kufanyiza kiwanja cha Al3Mg2, ambacho ndani ya maji ya chumvi huyeyuka kabla ya alumini yenyewe, na bati lililo chini ya mvutano hupasuka kwa kufuata mipaka hiyo. Meli za kivita za Marekani za daraja la Ticonderoga zilipata nyufa za aina hiyo katika sehemu zake za juu zilizojengwa kwa 5456, aloi yenye magnesiamu nyingi zaidi kidogo.

Unaponunua bati la sehemu zinazoguswa na maji, dai hali ya H116 au H321 (alama za jinsi bati lilivyokamilishwa kiwandani), ambazo hupimwa kwa asidi ya nitriki: kipande huzamishwa kwa saa 24, na kikipoteza miligramu zisizozidi 15 kwa kila sentimita ya mraba huhesabiwa kuwa imara. Kwa sehemu iliyo karibu na bomba la moshi, tumia 5454, ambayo magnesiamu yake haizidi asilimia 3, hata kama nguvu yake ni ndogo kuliko ya 5083.